Kitabu cha ibada kilichobaki mkobani

Swali la wiki lilituuliza kama Ukristo wa kimaendeleo una nafasi katika makanisa yetu, yaani ule unaoisoma Biblia kwa kuzingatia historia yake, unaoruhusu maswali, unaowakaribisha watu wote, na unaotanguliza haki ya wanyonge kuliko usahihi wa mafundisho. Nilikusudia kujibu kwa neno moja: hapana. Jina hilo lilienea Marekani miaka ya 1990, kasisi James Adams alipoanzisha kituo cha kuueneza Ukristo huo, na sipendi kanisa la Kigoma libebe mabishano ya wengine. Lakini swali limenirudisha kwenye msiba mmoja wa Ujiji, na tangu Jumapili sina ninaloweza kuandika zaidi ya huo.

Marehemu alikuwa muuza dagaa wa Kibirizi. Aliishi miaka mingi na mwanamume bila ndoa ya kanisani, hivyo alizuiwa Meza ya Bwana, na mimi, nikiwa katibu wa baraza la wazee, ndiye niliyeuandika uamuzi huo. Hakuacha kuja ibadani. Alikaa benchi la nyuma. Siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani na dagaa wakaadimika, aliwagawia wajane wa mtaani akiba yake, wakiwemo wale waliomsema. Alipofariki, baraza lilikumbusha kanuni kwamba aliyetengwa hazikwi na kanisa. Waliochimba kaburi ni majirani zake Waislamu. Jeneza liliposhushwa pakawa kimya kirefu, maana hapakuwa na wa kuongoza sala, mpaka bibi mmoja aliyezoea kupewa dagaa akaanzisha wimbo kwa sauti ya kukwaruza, na wanawake wakaitikia. Kitabu cha ibada kilikuwa mkobani mwangu. Nilikishika, sikukifungua.

Bwana Yesu alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya Sabato, na maneno hayo hayakutoka Marekani. Wala Walutheri wa nchi hii hawakuiacha imani walipoamua mwaka 1990 kwamba wanawake nao wabarikiwe kuwa wachungaji. Nilipofika hapa nikaona hapana yangu ya mwanzo haina miguu.

Hata hivyo, katika mkondo huo wapo wanaoufasiri ufufuo kuwa fumbo tu, na hapo naachana nao, kwa sababu tumaini pekee nililoondoka nalo makaburini siku ile ni kwamba yule mama atafufuka, nami nitamwomba radhi ana kwa ana. Kwa hiyo sitajiita Mkristo wa kimaendeleo. Barua, lakini, nimekwisha kuipeleka kwa baraza, nikiomba kanuni ile ifutwe. Na kama kuifuta yote kutashindikana, basi mchungaji aruhusiwe angalau kusema sala moja kaburini.