Falsafa ya maadili mwaka wa kwanza: maksi haziko kwenye jibu

Huwa napangiwa semina za wanafunzi wapya wa kozi ya maadili hapa Iringa. Wengi wao hawakuichagua. Wameikuta kwenye ratiba, wakaambiwa ni ya lazima, na waliowatangulia wakawarithisha desa, yaani notsi za kunakili, pamoja na ushauri mmoja: "Hiyo ni maoni tu, andika chochote utapita." Ushauri huo umepeleka watu wengi sapu, yaani kwenye mitihani ya marudio.

Msahihishaji hahangaiki sana na msimamo wako. Mmoja akiandika kwamba kusema uongo ni kosa daima, na mwingine kwamba kuna siku uongo ni wajibu, wote wawili wanaweza kupata A na wote wawili wanaweza kufeli. Kinachosahihishwa ni sababu: umetoa ipi, je, inalibeba jibu lako, na inakufikisha wapi ukiifuata hadi mwisho.

Chukua lumbesa. Aliyekulia Njombe, Makete au Uyole hahitaji kusimuliwa: gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linaongezwa rundo jingine na kufungwa kamba, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Je, ni haki? Jibu la kwanza darasani huwa, "Si haki, sheria ya vipimo imekataza." Sawa. Kwa hiyo kabla ya katazo ilikuwa haki? Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na sheria ya kumlazimisha mtu mweusi kutembea na pasi, yaani kibali, ndani ya nchi yake mwenyewe, na ilikuwa sheria halali kabisa mahakamani. Sheria nayo inahukumiwa kwa kipimo fulani, na sisi tunakitafuta hicho kipimo. Kuhusu sheria inatosha hapo.

Jibu la pili ndilo tamu. "Mkulima mwenyewe alikubali." Kweli alikubali, hakuna aliyemkaba. Lakini ana deni la mbolea, mvua imeanza, barabara ya kutoka shambani inateleza, viazi vikikaa vinaoza, na fuso ya mnunuzi mwingine haijulikani itafika lini. Ridhaa ya namna hiyo inatosha? Wengi watasema haitoshi kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Hapo naleta tukio la pili: mgonjwa wa kidole tumbo anayekubali kupasuliwa ili asife, naye hana njia nyingine, ila hakuna anayesema daktari amemdhulumu. Basi "hakuwa na njia nyingine" peke yake haijamaliza kazi. Mtu ananyoosha mkono: tofauti ni kwamba mnunuzi anapata faida kutokana na shida ya mwenzake. Haya, na mwenye duka la dawa je? Mwingine anasema mnunuzi anachukua zaidi ya anacholipia. Hilo linakaribia, ila sasa tuambie gunia lina thamani gani halali kama si ile waliyokubaliana. Dakika hamsini zinaisha bila sisi kumaliza, na nakwambia hiyo ndiyo kozi yenyewe. Unatoa kanuni, unaipima kwa tukio ambalo hukulifikiria, inapasuka, unaishona upya.

Sasa, kuna makimbilio mawili ambayo wapya hukimbilia ili wasifanye kazi hiyo.

La kwanza ni mila. "Mwalimu, kila kabila lina maadili yake, hakuna sahihi wala kosa." Hoja hii imeruka hatua. Watu kutofautiana kuhusu jambo hakuonyeshi kwamba jambo hilo halina ukweli wake. Watu walibishana muda mrefu kuhusu chanzo cha malaria, na mbu hakusubiri wakubaliane. Tena tofauti zenyewe mara nyingi ni za juu juu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, vijana wa kiume walihama kwa baba zao na kujenga kijiji chao cha watu wa rika moja. Mgeni angedhani baba hakuthaminiwa. Kumbe kwao mke wa kijana alipaswa kumkwepa kabisa baba mkwe wake, na kukaa kijiji tofauti kulisaidia kuilinda heshima hiyo. Anayeishi na wazazi ili awatunze na anayehama ili asiwavunjie heshima wanaweza kuwa wanafuata jambo lilelile. Sisemi kila mila ukiikwangua utakuta wema chini yake. Zipo ambazo ni ukatili mtupu. Na ukishikilia kwamba mila ndiyo kipimo cha mwisho, itabidi ukubali kwamba mjane wa kwanza aliyekataa kurithiwa alikuwa mkosaji, halafu mila ilipobadilika akageuka kuwa mwenye haki. Kama uko tayari kulimeza hilo, limeze hadharani, ndani ya insha.

La pili ni dini, na hapa naenda taratibu, maana vyuo vingi vya huku kwetu vina walezi wa dini. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, Ruaha ni cha Wakatoliki, Teofilo Kisanji kule Mbeya ni cha Wamoraviani. Mwanafunzi akisikia swali la Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anadhani imani yake inavamiwa. Lisome kwanza kisa chenyewe, kama mwanafunzi wake Plato alivyokiandika. Socrates anakutana na Euthyphro nje ya mahakama, Athens. Euthyphro amekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu mjini kuulizia afanywe nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alishakufa kwa njaa na baridi. Semina ikifika hapo huwaka moto. Mtoto kumburuza baba mahakamani, tena kwa ajili ya kibarua aliyeua? Wengine wanauliza: kwani kibarua si mtu?

Euthyphro hana wasiwasi, anadai anajua miungu inataka nini. Ndipo anaulizwa: jambo jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa sababu ni jema? Ukichagua upande wa kwanza, utaulizwa kama ukatili nao ungekuwa mwema endapo ungeamriwa. Ukichagua wa pili, umekubali kuwa wema una sababu zinazoweza kutafutwa. Waumini wakubwa wamelijibu swali hili karne nyingi bila kuacha kusali. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, kwa mfano, aliona akili aliyopewa binadamu inaweza kuitambua misingi ya wema. Kwa hiyo ukiandika "Biblia inasema" au "Kurani inasema", usiweke nukta ukaondoka. Msomaji wako anataka kujua kwa nini jambo hilo lilistahili kuamriwa.

Utakutana pia na treni ya mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot, ya mwaka 1967: imeshindikana kusimama, mbele kuna watu watano, dereva anaweza kuikatisha njia nyingine aliko mtu mmoja. Kila mwaka kuna anayelalamika kwamba Iringa mjini treni haifiki. Ihamishie Makambako basi, kwenye reli ya TAZARA, swali halibadiliki. Visa hivi ni vya ajabu kwa makusudi. Vimeondolewa undugu, sheria, rushwa na bahati ili libaki jambo moja la kupimwa, kama unavyokung'uta udongo kwenye viazi kabla ya kuvipandisha mzanini. Anayejibu "angepiga honi" hajajibu, ameongeza udongo.

Kwa Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyetoa msingi wa hoja zake mwaka 1785, wengi huanza kukariri. Anza na karatasi ya mahudhurio. Mwenzako amelala hosteli, unamsainia. Ukihesabu madhara, hayaonekani: hakuna aliyeumia, rafiki amefurahi. Kant anataka ujiulize kitu kingine: ingewezekana kila mtu afanye hivyo, na wewe uitake hali hiyo? Kila mtu akisaini kwa niaba ya yeyote, karatasi inakuwa haina maana, hakuna mhadhiri atakayeizungusha, na hila yako imekufa. Inafanya kazi kwa sababu wengine wanasaini kwa uaminifu. Umejipa ruhusa unayowanyima wao. Ukilielewa hilo, mifano yake mwenyewe itasomeka. Mmoja wake ni wa kujiua, na Iringa hii lazima mtu amtaje Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate. Kabla hujamtetea kwa jazba ya kwetu, amua kwanza: alikuwa anakusudia kufa, au kutokamatwa? Na je, mtu anaweza kuvitenganisha hivyo viwili?

Kuhusu kusoma sina mengi. Kurasa nne ukiwa na kalamu mkononi zinashinda arobaini za kuperuzi usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Masomo yako kwa Kiingereza, sawa, lakini hoja ikikukwama mweleze kwa Kiswahili mwenzako wa chumbani, yule anayesoma uhasibu. Akiuliza "kwa hiyo?" na huna la kusema, rudi kwenye maandishi.

Insha ya kwanza ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi wakati wa kusahihisha. Watu wanaanza na historia ya falsafa tangu Ugiriki, ukurasa mzima, halafu hoja yenyewe inapewa mistari mitatu. Sema unachotetea kwenye aya ya kwanza. Toa sababu moja nzito badala ya saba nyepesi. Kisha mpe mpinzani wako nafasi ya kweli: andika pingamizi lake jinsi ambavyo yeye mwenyewe angesema "naam, ndivyo ninavyomaanisha", ndipo umjibu. Kumchagulia mpinzani hoja ya kijinga ili umpige kirahisi kunaonekana tangu sentensi ya kwanza.

Mkipewa maswali ya kuchagua, liache lile ulilokwishaapa jibu lake. Wanaochagua utoaji mimba au adhabu ya kifo kwa sababu wana msimamo mkali huniletea mahubiri, na mahubiri hayana pingamizi. Chukua lile linalokufanya useme "sijui" ukiwa kwenye foleni ya chakula, hata kama linaonekana dogo kama kumsainia mtu mahudhurio.