Kiduha kina jina lake

SWALI: Kipeperushi cha kilimo nilichopewa kinaandika "gugu chawi", ilhali sisi shambani tunasema kiduha. Lipi sanifu? Tena, kiitwe gugu au kimelea?

JIBU: Andika kiduha, wingi wake viduha, kwa upatanisho wa ki-/vi-: kiduha kimechanua, viduha vimeenea. Swali la pili ni jepesi. Gugu ni mmea wowote unaoota shambani bila kutakiwa, na kimelea, neno lililotokana na kumelea, ni kiumbe kinachoota juu ya kingine na kula jasho lake. Kiduha ni vyote viwili.

Linaloniudhi, na limeniudhi kwa miaka mingi, ni hilo "gugu chawi". Kiswahili kina mchawi, kina uchawi, kina -a kichawi, lakini kivumishi "chawi" hakimo. Hatusemi bundi chawi wala fisi chawi. Aliyelibuni alifasiri jina la Kiingereza, witchweed, lenye maana ileile ya Striga, jina la kisayansi la kiduha, ambalo ni neno la Kilatini la mchawi wa kike, kisha akalikata kichwa neno letu ili litoshee.

Ubaya wa sarufi ningeuvumilia kama jina lisingempotosha mkulima. Tazama kiduha chenye maua mekundu, Striga asiatica: kimmea ambacho kwa kawaida hakifiki goti, chenye majani membamba ya kijani na ua dogo kama ukucha. Mwenye shamba akikikuta katikati ya mtama uliodumaa na kunyauka ilhali udongo una unyevu, tayari anashawishika kuamini kwamba pana mkono wa mtu, nasi tunamletea kipeperushi kinachomthibitishia shaka hiyo kwa maandishi! Yaliyotokea yako chini ya ardhi. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, ambazo mmea mmoja huweza kuzaa kwa makumi ya maelfu, hukaa udongoni hata zaidi ya miaka 10, wala hazichipui mpaka zipate unyevu na kuguswa na kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi, mtama au uwele iliyo jirani. Hapo mche hujipachika kwenye mzizi wa mwenyeji wake na kunyonya maji na chakula kwa majuma kadhaa kabla ya kuchomoza. Fukua shina la mtama taratibu, usilivute, suuza udongo, nawe utaona kivimbe kidogo pale mizizi hiyo miwili iliposhikana. Ua jekundu linapoonekana, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kufanyika.

Asiyeweza kabisa kuliacha neno lake na aandike "gugu la kichawi", angalau sarufi ipone. Lakini katika karatasi ya kumfundisha mkulima kung'oa viduha kabla havijapukutisha mbegu, hata hilo silipitishi.