Jibu: Kunyang'anywa jina la kikoa kabla ya kesi

Mkuu, umeuliza kama serikali ya Marekani inaweza kukutwalia jina la kikoa (anwani ya tovuti yako, kama ile inayoishia na .com) kwa madai ya kukiuka hakimiliki, kabla ya kesi, ilhali seva yako iko nchi nyingine. Inaweza. Majina yote ya .com yanasimamiwa na VeriSign, kampuni ya huko huko, kwa hiyo hati ya hakimu ikifika pale, jina linaelekezwa kwenye ukurasa wa tangazo la serikali. Hakimu husikia upande mmoja tu. Wewe unajua baadaye, wageni wakianza kulalamika.

Ndicho kilichoipata Dajaz1, tovuti ya hip hop, Novemba 2010. Ilirudishwa Desemba 2011 bila shtaka lolote, mwaka mzima umeshapotea. Rojadirecta ya Hispania, tovuti ya viungo vya mechi za michezo, iliyokwisha kushinda katika mahakama za kwao, ilisubiri kurudishiwa jina hadi Agosti 2012.

Kinachochukuliwa ni jina. Faili na hifadhidata zinabaki kwenye seva. Kwa hiyo sajili mapema jina la pili lenye kiishio cha nchi nyingine, kwa msajili tofauti, na wasomaji walijue kabla ya tatizo. Baruapepe ya kazi isiwe kwenye kikoa hicho hicho, maana nayo itakatika. Ruhusa ulizopewa na wenye hakimiliki, weka nakala zake pembeni, pamoja na tarehe.

Usichanganye na notisi ya DMCA, yaani ombi la kuondoa maudhui chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani. Hiyo unaijibu kwa notisi ya kupinga, na mlalamikaji asipofungua kesi, maudhui hurudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Hati ya kutwaa haina njia fupi kama hiyo. Hapo tafuta wakili.