Anza na kaunta, rangi ya ukuta ije mwisho

Dada yangu wa Mukono, umeuliza kama ununue sasa rangi ya krimu ya kuta za jiko lenu jipya, ilhali kaunta, makabati na vigae bado hamjavichagua. Nakusihi usubiri. Rangi huchanganywa kwa mkolezo wowote unaotaka, lakini bamba la granaiti lina madoa na mishipa yake lililozaliwa nayo, kwa hiyo lichague kwanza, uombe kipande chake, kisha ukibebe kila unapokwenda kutazama mbao na vigae.

Kwa kaunta ningependelea granaiti ya kijivu au kahawia yenye chembechembe, kwa kuwa utomvu wa matoke huacha weusi sugu na binzari hutia umanjano, na marumaru nyeupe, pamoja na uzuri wake, huliwa na maji ya limau. Makabati ya mbao za mkangazi au mvule yana wekundu au ukahawia wa joto unaopatana na krimu kuliko na nyeupe ya kibuluu. Yapakwe vanishi isiyong'aa sana, maana mng'ao mkali huonyesha kila alama ya kidole na vumbi jekundu la barabara zetu. Ukutani, karibu na jiko la mkaa au gesi, weka vigae au rangi ya mafuta inayofutika. Vishikio na bomba viwe vya metali ya aina moja.

Mwishowe paka kipande cha ukuta, ukitazame asubuhi, halafu usiku chini ya taa mtakayoitumia.