Muulize Fundi: Metali iliyobanduka kama ganda la yai

Mwezi huu nina barua nne, na waulizaji, bila kujuana, wanazunguka jambo lilelile: metali mbili zisizo za ukoo mmoja zishikane vipi zisiachane. Wa Korogwe ndiye mwenye hasara kubwa, kwa hiyo amepata nafasi kubwa. Wengine wanivumilie.

Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga, injini ni Lister ya zamani ya silinda moja. Beringi za konrodi (ule mkono unaopokea msukumo wa pistoni na kuzungusha kranki) zilikwisha, fundi akanikerezea maganda mapya ya chuma na kusubu metali ndani yake. Imesaga siku kumi na moja tu. Nilipofungua, metali ilinitokea nzima mkononi. Ni laini, ukiisugua kwenye karatasi inaandika kama penseli. Fundi anasema tatizo ni oili. Nimetuma picha tatu. – Msomaji, Korogwe

Marahaba. Oili msiisingizie. Picha yako ya tatu, uliyopiga mgongo wa kile kipande kilichobanduka, imesema yote. Nimeikuza kwenye simu nikaona mistari myembamba, imejipanga kama ya daftari. Hiyo ni alama ya kisu cha kerezo. Ganda lilikerezwa likabaki na mistari yake, metali ikamiminwa juu yake, ikachukua sura ya mistari kama uji unavyochukua sura ya bakuli, ikaganda. Lakini uji haujashikana na bakuli. Ingekuwa imeshika isingetoka nzima. Ingekatika katikati ya unene wake, nusu ikabaki kwenye ganda, na ungetoka jasho kuikwangua kwa patasi.

Halafu hilo la kuandika kama penseli. Hiyo ni risasi, bila shaka ya betri za gari. Risasi na chuma havijuani kabisa. Ichemshe risasi ndani ya chungu cha chuma mwaka mzima, chuma hakitayeyukia ndani yake wala risasi haitapenya ndani ya chuma. Ndiyo maana sisi tunaiyeyushia humohumo. Ukitaka waoane lazima apatikane mshenga, na mshenga ni bati. (Bati nasema metali yenyewe, si la kuezekea, lile la paa ni chuma kilichopakwa zinki.) Bati likiwa la moto linakila chuma kidogo juujuu, na hapo katikati panazaliwa tabaka jembamba sana ambalo si bati wala chuma. Tabaka hilo ndilo linaloshika. Kila tunachofanya kabla ya kumimina ni kuliandalia njia.

Metali inayostahili mahali hapo ni metali nyeupe. Mmarekani Isaac Babbitt ndiye aliyeileta mwaka 1839: karibu sehemu tisa kwa kumi ni bati, zilizobaki ni antimoni na shaba. Ni ghali, sikufichi. Ziko pia za risasi nyingi zinazofaa injini za taratibu, lakini nazo zimechanganywa kwa kipimo, na bado zinataka ganda lipakwe bati kwanza. Risasi ya betri peke yake chini ya konrodi inayopigwa mara mia kadhaa kwa dakika ni sawa na kuweka nta.

Sasa kazi yenyewe, umsimamie fundi wako. Ganda lichemshwe kwenye maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, mpaka mafuta yote yatoke. Lisuuzwe, na kuanzia hapo asiliguse kwa vidole. Jasho la kidole linatosha kuacha doa. Apake asidi ya chumvi iliyotiwa vipande vya zinki mpaka ikaacha kutoa mapovu. Zinki ataipata kwenye makopo ya betri za tochi zilizokwisha, ayaoshe vizuri, na hayo mapovu yasitokee karibu na moto maana gesi yake inawaka. Kisha ganda lizamishwe kwenye bati lililoyeyuka, nyuzi 280 hadi 300 hivi, likae mpaka nalo lipate moto uleule. Likitoka, uso uwe unang'aa kama kioo pande zote. Ukiona doa jeusi hata la ukubwa wa punje ya mtama, rudi mwanzo. Mafundi wengi wanaharibu hapa: wanaona robo tatu imeshika, wanasema itatosha.

Kumimina kunafuata papo hapo, bati likiwa bado majimaji. Kama ganda limepoa, umepoteza kazi. Katikati kinasimama kiini cha chuma chenye unene wa shingo ya kranki, kimepashwa moto na kupakwa masizi ya kibatari ili metali isikishike. Hapo utaona kichekesho cha kazi yetu: masizi yaleyale yanayokuokoa kwenye kiini, yakidondokea kwenye ganda yamekumaliza. Moto wa metali tuliupima kwa kijiti kikavu. Kikitoka kama kilivyoingia, bado. Kikigeuka rangi ya kahawia, mimina. Kikishika moto, umezidisha, bati linaungua na kuwa takataka juu ya chungu. Kwa kipimajoto ni kama nyuzi 420. Mimina mkondo mmoja usiokatika, kisha poza kwa maji mgongoni mwa ganda, nje, ili metali ianze kuganda pale kwenye mshiko na kuishia upande wa kiini. Ukiiacha ianze kuganda upande wa kiini, itanywea ikiuacha mkono wa mwenzake.

Neno moja kuhusu maji. Mwaka 1978 nikiwa mwanagenzi kwenye karakana ya reli, nilichukua upawa wa kumiminia uliokuwa umening'inizwa dirishani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Niliuona mkavu. Nilipouchovya, chungu kilitema metali mpaka kwenye kenchi, na kovu la kifundo changu cha kushoto lina umbo la koma hadi leo. Unyevu ukifunikwa na metali ya moto unakuwa mvuke kwa kishindo. Upawa, kiini, vibanio, vyote vikae kando ya moto kwanza.

Kabla hujalipa, pima. Ning'iniza ganda kwa uzi uligonge kama mama anavyogonga chungu sokoni: lililoshika linalia, lisiloshika linajibu kwa sauti iliyokufa. Kisha liloweke kwenye mafuta ya taa saa kadhaa, lifute mpaka likauke, paka unga wa chaki kwenye ukingo ambapo metali mbili zinakutana, na ubonyeze kwa gumba. Chaki ikilowa, mafuta yalikuwa yamejificha ndani, na palipojificha mafuta hapakushikwa.

Na risasi yoyote isiyeyushwe jikoni wala kwenye sufuria itakayorudi kupika, na watoto wawe mbali na vumbi lake. Kuhusu pesa zako: mpelekee fundi jarida hili asome kwanza, ndipo mzungumze.

Fundi, niko Gikomba, nasubu puli za alumini kwa mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Katikati naweka bushi ya chuma kwenye mchanga halafu namimina. Ikitoka imebana sana, huwezi kuitoa hata kwa nyundo. Mwezi mmoja baadaye wateja wanarudi, bushi inazunguka peke yake. – Kijana wa jua kali, Nairobi

Kijana, umeyajibu nusu mwenyewe: imebana. Kubana si kushikana. Alumini ikipoa inanywea kuliko chuma. Kipande cha mita moja kikishuka nyuzi 100, alumini inapungua milimita 2.3, chuma 1.2. Kwa hiyo puli yako inaikumbatia bushi kwa nguvu ikipoa, na kila mkanda unapoipasha moto kumbatio linalegea. Ongeza mtikisiko wa mashine, na mwezi ni muda mrefu, umejitahidi.

Kuziunganisha kwelikweli ni kazi ya taabu kwa sababu alumini ina ngozi. Yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi inayojiotesha juu yake ikikutana na hewa haiyeyuki hata kwa nyuzi 2,000. Unapomimina, metali inasafiri ndani ya mfuko wa ngozi hiyo, inafika kwenye bushi na kuigusa kwa nguo, si kwa mwili. Wamarekani waliokuwa wakiunda injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili walitaka mapezi ya alumini yashikane na silinda za chuma, wakatumia njia iliyoitwa Al-Fin: chuma kisafi kinazamishwa kwenye alumini iliyoyeyuka, kinakaa humo mpaka tabaka la mshiko lizaliwe, kinatolewa na kuwekwa kwenye kalibu haraka, na alumini inamiminwa kabla ile ya kwanza haijaganda. Tabaka lile ni gumu na linavunjika kama kigae, kwa hiyo lisiachwe linenepe.

Umeliona mara nyingi bila kulijua. Pistoni nyingi za dizeli zina pete ya chuma iliyozamishwa pale inapokaa ringi ya juu. Sumaku aghalabu haikamati, maana chuma chake kimejaa nikeli, lakini ukiyeyusha pistoni kuukuu ile pete ndiyo unayoiopoa chini ya chungu. Ilishikwa kwa njia hiyohiyo.

Kwa puli ya majani ya ng'ombe usijisumbue na yote hayo. Toboa bushi mashimo manne ubavuni, au ichonge mifereji miwili ya kulala na mmoja wa kuzunguka, alumini iingie humo ijifunge yenyewe. Bushi isiwe na kutu wala mafuta, na uipashe moto ifukuze unyevu. Hapo wateja hawatarudi kwa sababu hiyo.

Bibi yangu ameacha sinia la fedha, lakini kingo zake zimeanza kuwa nyekundu. Sonara mmoja anataka kulizamisha upya kwenye fedha. Nimruhusu? – Mjukuu, Mji Mkongwe, Unguja

Mwambie asubiri. Pindua sinia utazame chini. Ukikuta herufi EPNS, ni la kupakwa fedha kwa umeme, na ndani yake si wekundu bali weupe wa manjano kidogo. Lako linatoa wekundu wa shaba, kwa hiyo huenda likawa jamaa wa zamani zaidi. Pitisha ukucha ukingoni: ukikuta uzi wa fedha uliozungushwa kuficha ukingo uliokatwa, hapo moyo wako uanze kudunda.

Mwaka 1743, huko Sheffield, Uingereza, mtengeneza visu Thomas Boulsover aligundua kwamba fedha na shaba vinaweza kugeuka kitu kimoja. Mafundi walichukua mkuo wa shaba, yaani kipande kinene kilichosubiwa, wakausafisha, wakalaza bamba la fedha juu yake, wakafunga kwa waya na kuuingiza tanurini. Fedha peke yake inayeyuka kwa nyuzi 962, shaba 1,085. Lakini zinapogusana zinaanza kuyeyukiana kwa nyuzi 779 tu, pale mpakani. Fundi alichungulia kwa tundu dogo, na alipoona ukingo wa fedha unatoka machozi, akautoa upesi. Akichelewa kidogo, fedha yote imekwenda. Mkuo ule ukipitishwa kwenye roli, shaba na fedha zinarefuka pamoja kwa uwiano uleule mpaka liwe bamba jembamba la sinia. Katika miaka ya 1840 upakaji wa umeme ukaja na kuiua biashara hiyo, maana ulikuwa rahisi na uliweza kufunika hata maungio.

Wazo la mkuo wenye tabaka halikufa. Rejeta ya alumini ya gari imetokana na bamba la aina hiyo: moyo ni alumini moja, ngozi ni alumini yenye silikoni inayotangulia kuyeyuka ndani ya tanuri na kuunganisha mirija na mapezi. Zamani mikuo hiyo ilibanwa pamoja kwa roli; mwaka 2006 kampuni ya Novelis ilitangaza njia ya kuisubu kwa pamoja, alumini ya pili ikimiminwa ubavuni mwa ya kwanza wakati uso wake ndio kwanza unaganda, ngozi ile niliyomwambia kijana wa Gikomba isipate nafasi ya kuota. Naihusudu njia hiyo, nasema kweli.

Turudi kwa sinia lako. Sonara akilizamisha atafunika shaba, na atafunika pia ushahidi. Wanunuzi wa vitu vya kale wanapenda ule wekundu. Lioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, ulikaushe kwa kitambaa laini, majivu usiyatumie.

Sarafu ya shilingi 20 ya Kenya, ya rangi mbili, inasubiwa vipi? – Mwanafunzi, Voi

Haisubiwi. Pete inatobolewa, kipande cha kati kinawekwa ndani ya tundu, kisha muhuri unavigonga vyote kwa pigo moja na metali ya kati inatanuka na kujibana kwenye ukuta wa pete. Italia ilianza hivyo na lira 500 mwaka 1982. Hakuna moto wala mshenga, ni kubanwa tu kama bushi ya Gikomba, ila sarafu haifungwi mkanda ikazungushwa.