Tui linanikatikia kila nikipika samaki

SWALI: Shangazi shkamoo, mi nikipika samaki wa nazi tui linakatika, mafuta juu, chini mabonge mabonge, nakosea wapi? – Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Moto huo, punguza! Anza na tui la pili lile jepesi, ndo uchemshie nyanya na vitunguu viive kabisa, afu mimina tui zito moto ukiwa mdogo, usifunike sufuria, chota kwa upawa unarudishia unachota unarudishia mpaka lichemke, ndo samaki wako wa kukaanga aingie, sio kabla utamvuruga. Ndimu kamulia mwishoni ushaepua, wengi wanaharibia hapo. La pakiti nalo ni hivohivo, ila mi bado nakuna kwa mbuzi.