Maswali na Majibu: Kuponi, Risiti Ndefu na Keshia Aliyenuna

Wiki hii karibu barua zote ni za famasi za hapa Marekani. Nachukulia kwamba unajua tofauti ya kuponi ya kiwanda, ambayo punguzo lake linalipwa na kampuni yenye bidhaa, na kuponi ya duka, ambayo punguzo lake ni la duka lenyewe, kwamba programu ya duka iko kwenye simu yako, na kwamba kitu kimoja kinabeba kuponi moja ya kiwanda na, duka likiruhusu, moja ya duka juu yake. Asiyejua amuulize jirani. Mimi nimeeleza mpaka koo limekauka.

*Kuponi yangu iliisha muda Jumamosi, leo Jumatatu. Nikimwambia keshia kwa upole, atanielewa? (Dallas)*

Atakuelewa. Mashine haitakuelewa. Hili ni swali la nne la aina hii tangu Ramadhani, na tarehe imeandikwa juu kabisa ya karatasi.

*Nilikuwa Walgreens na chupa mbili za shampuu, kuponi mbili za kiwanda na Register Rewards ya dola 3. Mashine ikalia, keshia akakataa, nikamwambia ukweli wake mbele za watu. Nilibaguliwa? (Columbus, Ohio)*

Labda ulibaguliwa siku nyingine. Siku hiyo ulizidiwa na hesabu. Register Rewards, ile karatasi ya punguzo la manunuzi yajayo inayochomoka kwenye kimashine cha pembeni ya kaunta, Walgreens wanaihesabu kuwa ni kuponi ya kiwanda. Na sheria yao inasema kuponi za kiwanda zisizidi idadi ya vitu unavyonunua. Wewe ulileta kuponi tatu kwa chupa mbili. Ungetupia kikapuni kitu cha tatu, pipi au penseli ya mtoto, mambo yangekwisha. Wazoefu huingia dukani wakijua tayari pipi ya bei ya chini kabisa iko rafu gani.

Mimi hutoa Register Rewards mwanzo, kabla kuponi nyingine hazijaila jumla. Na usiitumie ya shampuu kununulia shampuu ileile ukitegemea itatoka nyingine. Haitoki.

Sasa huo ukweli uliomwambia keshia. Hakutunga yeye sheria hizo. Anasimama pale zamu nzima kama wewe unavyobeba maboksi yako usiku, na meneja akija ni yeye anayeulizwa kwa nini mashine imelia. Rudi umwombe radhi. Wiki ijayo utakuwa na kuponi nyingine na ni yeye utakayemkuta.

*Nina ExtraBucks, zile vocha za zawadi za CVS, za dola 11, zinaisha kesho. Ninunue nini? (Minneapolis)*

Unahitaji nini? Kama jibu ni "sina ninachohitaji", basi jibu langu ni hilohilo.

Najua linauma. Mpango wa kadi ya wateja unaotoa vocha hizo CVS wanao tangu mwaka 2001 na hawajauweka miaka yote hii kwa kukuonea huruma. ExtraBucks si pesa. Ni pesa ya duka moja, ina tarehe ya kufa, hailipii dawa za cheti cha daktari, na ukinunua kitu cha bei ndogo kuliko vocha hurudishiwi chenji. Inakutoa nyumbani siku ambayo ungebaki umekaa, unaenda "kuokoa" dola 11, unarudi na vitu vya dola 26 na risiti ndefu kama kilemba cha harusi.

Nasema hivi nikiwa mgonjwa wa maradhi hayohayo. Miaka michache nyuma mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Siku ya pili alifungua kabati la bafuni kutafuta sabuni. Akaanza kuhesabu kwa sauti: dawa ya meno kumi na nne, mafuta ya kujipaka tisa, vya kunyolea sijui pakiti ngapi na nyumba nzima haina mwenye ndevu. Akanigeukia. "Mwanangu, umefungua duka?" Nikamweleza kwa fahari kwamba vyote nilivipata karibu na bure. Akachukua chupa moja ya mafuta, akaigeuza, akanionyesha tarehe. Yalikuwa yameisha muda miezi saba iliyopita.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: dukani naingia na orodha, na kuponi inaifuata orodha. Zako za kesho, kama nyumbani kuna mtoto wa nepi, nunua nepi. Kama hakuna, ziache zife.

*Rite Aid bado wanapokea pointi za zamani? (Philadelphia)*

Rite Aid walifilisika mara ya pili Mei 2025, na maduka ya mwisho yakafungwa Oktoba mwaka huohuo. Kadi hiyo mpe mtoto achezee.

*Mbona shampuu nimeipata bure kwa kuponi halafu nimelipishwa kodi? (Msomaji aliyekasirika)*

Kwa sababu katika majimbo mengi kuponi ya kiwanda inahesabiwa kuwa malipo: duka linaidai kampuni hela hiyo, kwa hiyo bei machoni pa serikali haijashuka, na kodi inakatwa kwenye bei nzima. Kuponi ya duka lenyewe kwa kawaida inashusha bei, na kodi inashuka nayo. Ni senti hamsini hizo, ndugu yangu. Punguza hasira.

*Sisi ni familia kutoka Kivu, tuko Louisville mwaka wa pili. Famasi ya karibu wanatukunjia uso, hasa tukileta kuponi au tukiuliza kuhusu dawa. Ni kampuni gani yenye huduma nzuri? (Louisville, Kentucky)*

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Hakuna kampuni yenye huduma nzuri. Kuna tawi lenye watu wema, na katika tawi hilo kuna zamu. Duka lile lenye uso wa kununa Jumamosi saa tano asubuhi linaweza kuwa na mama mmoja mpole Jumanne jioni anayekuitia kuponi usiyoijua. Kwa hiyo usiulize jina la duka, uliza nani yuko kaunta saa ngapi. Nenda mara tatu, siku tofauti, nunua kitu kidogo, uangalie. Jumapili asubuhi usiende na kuponi zako kumi na mbili, siku hiyo wiki mpya ya ofa imeanza na kila mtu yuko pale. Na dirishani kwa mfamasia usifike saa saba na nusu mchana: kwenye matawi mengi ya CVS na Walgreens hufungwa mpaka saa nane watu wapate kula. Wengi wetu tumegonga kioo hicho na kuondoka tukisema tumedharauliwa.

Uso uliokunjwa nao una sababu zake. Mwaka 2021 CVS walitangaza kufunga maduka kama 900 kwa miaka mitatu, na Oktoba 2024 Walgreens wakatangaza yao 1,200. Dawa za tawi lililofungwa zinahamia tawi lililobaki, foleni inahamia nalo, watumishi hawaongezeki kwa kipimo hicho. Halafu sabuni na dawa za meno zimefungiwa ndani ya vioo, ubonyeze kengele, umngoje mtu mmoja mwenye ufunguo ambaye ndiye pia keshia. Mkuu wa Walgreens mwenyewe alikiri Januari 2025 kwamba ukifungia bidhaa huuzi nyingi. Sisi tulioko upande wa pili wa kioo tulikuwa tunajua.

Hata hivyo kuna kitu ambacho si cha kuomba kwa upole, ni haki yenu. Famasi inayolipwa na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au Medicare (ya wazee) inabanwa na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010: mtu asiyejua Kiingereza vizuri asaidiwe kuelewa kwa lugha yake, na asitozwe. Kwa kawaida ni mkalimani wa simu. Mkifika sema neno "Swahili" na neno "interpreter", kisha msubiri. Na tafadhali mwacheni mtoto wa miaka tisa apumzike. Si kazi yake kumweleza bibi yake kipimo cha dawa ya presha.

Kwa dawa zenyewe, jaribuni famasi ndogo ya mtu binafsi kama ipo mtaani. Kuponi zake ni chache na shampuu yake ghali, sikatai. Baba mkwe wangu alipokuja, chupa yake ya dawa iliandikwa kwa saa za Kizungu anywe saa 8 asubuhi na saa 8 usiku, yaani saa mbili na saa mbili za kwetu. Yeye kichwani mwake saa nane ni saa nane: mchana baada ya kula, na usiku wa manane. Wiki mbili nzima alikuwa anaweka simu imwamshe usiku wa manane anywe dawa, na kukicha anashinda na kizunguzungu. Famasi kubwa tuliyokuwa tukichukulia dawa hawakuuliza, nasi hatukusema. Tulipohamia famasi ndogo, mfamasia alimuuliza swali moja kupitia kwangu: "Unainywa jua likiwa wapi?" Mzee akaonyesha juu ya utosi. Yule mama akachukua kalamu, akachora kwenye kibandiko jua linalochomoza na mwezi unaotoka. Kibandiko hicho mzee alirudi nacho Morogoro.

Shampuu naendelea kununua kwenye ofa kwingine. Dawa, hapo.

*Kuna dada kwenye kundi letu la WhatsApp anauza picha za kuponi, unalipa dola 10 unapata nepi za dola 80. Ni salama? (Houston)*

Si salama, na unajua si salama, ndiyo maana umeuliza. Kuponi ya kiwanda ina maandishi yanayosema ikiuzwa inabatilika. Na ile ya nepi za bure kabisa mara nyingi imetengenezwa na mtu mwenye kompyuta nzuri. Mwaka 2021 mwanamke wa Virginia Beach alifungwa miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia na kuziuza, hasara ikiwa zaidi ya dola milioni 31. Wateja wake nao walikuwa watu wa vikundi vya mitandaoni kama hicho chenu.

Wewe mwenye grini kadi, au unayengoja, ongeza hili: kesi ya ulaghai haiishii kwenye faini. Inaweza kukufuata mpaka mezani kwa afisa wa uhamiaji, na hapo nepi hazitakutetea. Toka kwenye kundi hilo leo.

*Nina Medicaid. Naweza kutumia kadi ya punguzo iliyotolewa na kampuni ya dawa? (Portland, Maine)*

Hapana. Sheria inakataza kadi za kampuni za dawa kwa walio kwenye bima za serikali. Zile za GoodRx, programu ya simu ya punguzo la dawa, ni kitu kingine, unazitumia badala ya bima, si pamoja nayo, na kwa mwenye Medicaid bima yenyewe mara nyingi inalipa vizuri zaidi. Kabla hujajaza taarifa zako za ugonjwa kwenye programu hizo, kumbuka kwamba mwaka 2023 GoodRx walitozwa faini ya dola milioni 1.5 na serikali kwa kuwapelekea kina Facebook na Google taarifa za afya za watumiaji.

*Nimepata Tylenol kwa ofa, nataka kutuma chupa ishirini kwa ndugu Bukoba. Unashauri nini? (Atlanta)*

Tylenol ni paracetamol, ile Panadol wanayoipata dukani kwa mangi. Tuma hela. Na uache kuwachanganyia na zile za mafua za kunywa usiku: nyingi zina paracetamol hiyohiyo ndani kwa jina la acetaminophen, mtu anameza mbili akidhani ni dawa mbili tofauti, na ini ndilo linalolipa.

*Mume wangu anaona aibu kusimama na mimi kaunta nikitoa kuponi. Nifanyeje? (Seattle)*

Mwache garini na watoto, ubebe kadi yake ya benki.